Maji ya kinyungu, mbu wa Makete na kuni za kuchemshia

Kamwene wasomaji. Barua za mwezi huu nimezisoma barazani kwangu Ifunda, blanketi magotini, maana baridi ya Julai ya huku mnaijua wenyewe. Nyingi zinauliza dawa. Lakini nilipozipanga mezani niliona karibu zote zinaanzia nje ya nyumba: kijitoni, bondeni, mferejini, msituni. Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka 33 katika zahanati za Mufindi, Makete na Mbarali, na miaka ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kutoa dawa tu. Mgonjwa akija nampa, akirudi nampa tena. Nilichelewa sana kujifunza kuuliza swali ambalo sasa ndilo la kwanza kwangu: nyumbani kwenu maji mnachota wapi?

Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Kilolo. Nina kinyungu, yaani kijishamba cha bondeni kando ya kijito, nilichoachiwa na baba. Nalima kabichi, maharage na mahindi ya kuuza magobo, yaani mabichi. Serikali ya kijiji imetuambia tutoke bondeni, tukae mita 60 kutoka kijitoni. Kinyungu ndicho kinachotulisha wakati mahindi ya mlimani hayajakomaa. Sasa mhudumu wa afya wa kijiji naye anasema watoto wanahara kwa sababu ya vinyungu. Wangu alihara mara 3 kati ya Septemba na Desemba, lakini sioni kabichi inavyoweza kumharisha mtoto. Na wenye milingoti (mikaratusi) kule juu mbona hawaguswi? Naomba unieleze ukweli.

Marahaba mwanangu. Mimi na ndugu zangu watano tumesomeshwa na kinyungu cha mama yetu. Ubaridi wa lile tope la asubuhi naukumbuka mpaka leo kwenye vidole. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba mhudumu wenu amesema kweli, jua kwamba neno hilo kwangu ni zito.

Kabichi haimharishi mtu. Kinachoharisha ni kinyesi, cha mtu au cha mnyama, kikifika kwenye kikombe cha mtoto. Sasa tazama bonde linavyofanya kazi. Bonde lenye matete, nyasi na miti yake hunywa mvua ya Novemba hadi Aprili, likaikalia, kisha likaitoa kidogo kidogo kiangazi chote. Sisi tunalichimba mitaro ili likauke tupate pa kupanda, na kwa mitaro hiyohiyo tunayafukuza maji kabla ya wakati wake. Ikifika Septemba kijito kimekuwa chembamba kama kamba. Watu ni walewale, ng'ombe walewale, vyoo vilevile. Maji ndiyo yamepungua, na uchafu uleule umejaa ndani ya maji kidogo. Halafu inakuja mvua ya kwanza. Inaikuta ardhi imelimwa mpaka ukingoni, hakuna hata shina la nyasi la kuuzuia uchafu, na yote yaliyolala juu ya ardhi tangu Mei yanaingia kijitoni kwa siku moja. Umesema mwanao alihara mara 3 kati ya Septemba na Desemba. Hesabu hiyo haikunishangaza hata kidogo.

Na mvua yenyewe siyo ile ya ujana wangu. Hewa ikipata joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzijoto 1, na mvuke huo ukishuka hushuka kwa kishindo. Ndugu zetu wa Mbeya mjini waliona Aprili 2024, tope la mlima Kawetere liliposhuka na kufukia nyumba kule Itezi. Kwenye kijito chako hakuna nyumba iliyofukiwa, lakini nguvu ni ileile, na ndiyo inayosomba choo cha jirani yako wa juu mpaka kwenye dumu lako.

Nikusimulie lililonifungua macho. Nikiwa zahanati moja ya Mufindi, nilikaa na mwenyekiti wa kitongoji tukafungua daftari la wagonjwa. Tulikuwa tunatafuta jambo jingine kabisa, majina ya watoto waliokosa chanjo. Mimi ndiye niliyekuwa naandika humo kila siku, lakini yeye ndiye aliyeona: watoto wa kuhara walikuwa wanatoka vitongoji viwili tu, na vyote viwili vinachota kijito kimoja. Wa ng'ambo, wenye chemchemi yao katikati ya mivengi, ile miti ya asili ipendayo maji, walikuja kwa mafua na kwa kuungua moto. Kesho yake asubuhi tulikipanda kile kijito kwa miguu, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na viatu vya kazini ambavyo viliharibika siku ileile. Tulikuta vinyungu vimegusa maji. Tulikuta choo cha shimo, nikahesabu hatua 12 hadi ukingoni, wakati kanuni tuliyofundishwa ni angalau mita 30. Tulikuta jiwe bapa ambalo watu husuuzia mabomba ya kupulizia dawa za viazi, povu jeupe bado limeganda pembeni. Na juu kabisa, pale palipokuwa na jicho la maji, shamba la milingoti, na chini yake ardhi kavu kama ya barabarani.

Kwa hiyo kuhusu milingoti nakuunga mkono kabisa. Mti ule hunywa maji mengi mwaka mzima na mizizi yake hufuata unyevu chini sana. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hakikuandikwa kwa ajili ya mwenye kabichi peke yake. Kinazuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu za kibinadamu, au zozote zinazoweza kuharibu ukingo wa mto. Milingoti ya miaka 10 ni ya kudumu kuliko kabichi ya miezi 3. Simama kwenye mkutano mkuu wa kijiji useme hivyo, kwa adabu, na uombe iandikwe kwenye muhtasari. Kule kwetu mwenye milingoti alikuwa mtu mwenye uwezo, na tulisubiri misimu miwili kabla ya shoka kupita. Lakini lilipita.

Vinyungu navyo vilihamishwa. Wenye mashamba walipanda juu kidogo ya bonde wakachimba mfereji mdogo wa kumwagilia. Kwa jambo hilo unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, makao yake yako hapohapo Iringa mjini, usichimbe kwanza ukaomba baadaye. Ukingoni tulirudisha matete na mivengi na mikuyu. Jiwe la mabomba liliachwa. Kila mtu alibeba maji kwa dumu akachanganyia dawa shambani na kusuuzia shambani. Ila nikufiche nini, wapo akina mama wawili, wajane, ambao hawakupata eneo jingine. Tuliwaondoa bondeni bila kuwapa pa kwenda. Mpaka leo naona tuliwakosea, na ndiyo maana nakusihi ninyi mpatane kwanza: kabla mtu hajang'oa kabichi yake, kijiji kioneshe atalima wapi na maji yatamfikiaje. Watu wakiondolewa kwa amri tupu hurudi usiku na jembe, nami siwezi kuwalaumu.

Huyo mtoto, akihara tena, usingoje. Pakiti moja ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, katika lita 1 kamili ya maji safi, anywe kidogo kidogo kila anapoharisha. Na zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Macho yakizama, akishindwa kunywa, au ukiona damu, mbebe umpeleke zahanati saa hiyohiyo.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Makete. Nimekulia huku nikiambiwa baridi yetu haina malaria. Machi mwaka huu mwanangu wa miaka 6 alipata homa, akapimwa, akaambiwa ana malaria. Mume wangu anasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mama mkwe anasema kipimo ni kibovu. Nani mkweli?

Marahaba mwalimu. Kabla ya kumpa mtu yeyote ushindi, nijibu hili: wiki 2 hadi 4 kabla ya ile homa, mtoto alikuwa wapi? Nilipofanya kazi huko Makete, karibu kila mtoto mwenye malaria niliyempima alikuwa ametoka Kyela kwa bibi yake au Usangu kwenye mpunga wa mjomba. Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 tu hivi kutoka usawa wa bahari. Huko mbu na vimelea wanaishi kwa raha. Mtoto anaumwa huko chini, homa inamfuata nyumbani. Kama alisafiri, basi mumeo na mama mkwe wote wawili hawajapata.

Kama hakusafiri popote, hapo nakaa wima kwenye kiti, na ninakuomba umwambie mganga wa zahanati ili aandike hivyo kwenye daftari.

Kimelea cha malaria hakitoki mdomoni mwa mbu siku ileile mbu alipomng'ata mgonjwa. Lazima kikue ndani ya tumbo la mbu, na kinakua kwa joto la hewa. Kwenye nyuzijoto 25 kinakamilika kwa siku 12 hivi. Kwenye nyuzijoto 20 kinahitaji karibu siku 28. Kwenye 18 kinahitaji kama siku 55, na mbu wachache mno hufikisha umri huo. Chini ya 16 hakikui kabisa. Ndiyo baridi ya Makete iliyowalinda wazee wenu. Hakukuwa na siri nyingine.

Sasa joto likiongezeka nyuzijoto 1, ule mpaka wa kimelea hupanda mlimani kama mita 150, kwa sababu kila ukipanda mita 100 hewa hupoa kwa zaidi ya nusu nyuzijoto. Kijiji kilichokuwa juu ya mpaka kinajikuta chini yake. Na watu wake hawana kinga yoyote. Mtu mzima wa Kyela aliyeng'atwa tangu utotoni anaweza kuumwa homa na kupona, lakini mtu mzima wa Makete anaweza kupoteza fahamu. Malaria ya nyanda za juu haichagui watoto tu, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote niliyoandika leo.

Kuna jambo jingine ambalo halitoki mbinguni, tunalifanya wenyewe. Kule Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, milima kama yenu, watafiti walilinganisha mabonde yenye mafunjo na mabonde yaliyofyekwa yakalimwa. Yaliyolimwa yalikuwa na joto zaidi, na nyumba za jirani zilikuwa na mbu wa malaria wengi zaidi. Mbu yule anapenda dimbwi dogo lisilo na kivuli, lenye jua. Matete yakiondoka, maji yanaota jua, viluilui wanakua upesi. Soma tena barua ya kijana wa Kilolo hapo juu, utaona bonde lilelile. Nendeni na wanafunzi wenu mkatazame mashimo ya matofali yaliyoachwa wazi. Hayo ni mazalia ambayo jembe linaweza kuyamaliza kwa Jumamosi moja. Ila msimwage oili chafu bondeni. Kuna anayechota huko chini.

Chandarua chenye dawa tundikeni, hata kama mama mkwe anakiona cha nini. Na homa ya mtoto ipimwe kila mara. Siyo kila homa ya Makete ni malaria. Kwenye baridi ile nimeona nimonia ikitibiwa kama malaria mpaka mtoto akashindwa kupumua. Mtoto anayepumua haraka haraka huku mbavu zinaingia ndani asipewe dawa ya mseto ya nyumbani, apelekwe.

Bibi, mimi ni wa Njombe. Kuni zimepanda bei na maji ya kunywa lazima yachemke. Je, ni dakika ngapi? Jirani anasema 20.

Dakika 20 ni kuchoma msitu bure. Maji yakitokota sawasawa, mapovu makubwa yakipanda na kugeuka sufuria nzima, vijidudu vya kuhara vimekufa. Dakika 1 inatosha sehemu nyingi. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama baadhi ya vijiji vyenu na sehemu kubwa ya Makete, acha dakika 3, kwa sababu huko juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzijoto 100. Kwenye mita 2,000 ni kama 93. Yanaua, ila yape muda huo kidogo. Kisha yafunike, yapoe humohumo. Nimeona maji yaliyochemshwa vizuri yakimiminwa kwenye ndoo ya kuogea.

Siku za jua kali tumia jua. Chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 1 au 2, maji maangavu, ilale juu ya bati kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu iache siku 2. Maji ya tope jua haliyapenyi, yachuje kwanza au yachemshe.

Dada mkunga, salaam. Mimi ni mkulima wa mpunga, Igurusi, wilaya ya Mbarali, umri wangu miaka 58. Kila mwaka tunasemwa kwamba sisi watu wa Usangu ndio tunaokausha mto Ruaha Mkuu, viboko wanakwama kwenye tope na umeme unapungua. Sijasikia mtu akiuliza sisi wenyewe tunaumwa nini. Kijana wangu wa miaka 14 anakojoa damu. Wenzake wanamwambia ni kubalehe.

Kaka yangu, salaam. Nimefanya kazi Mbarali miaka 9 na nakushukuru kwa kuandika, maana hili la damu wazazi wengi hulificha. Siyo kubalehe. Hicho ni kichocho mpaka vipimo vioneshe vinginevyo. Mpeleke akapimwe mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito au urefu wake na humezwa siku moja tu. Kinachouma ni kwamba bila kubadili kitu kingine, atapona leo na kuambukizwa tena kabla ya mavuno.

Mzunguko wake ni huu. Mwenye kichocho anakojoa kwenye mfereji. Mayai yanaanguliwa, yanaingia kwenye konokono wa majini, yanakua humo, yanatoka kutafuta ngozi ya mtu. Aliyesimama majini na suruali imekunjwa magotini ndiye anayefikiwa. Konokono yule hustawi zaidi kwenye maji yasiyokauka. Na mifereji ya Usangu, wewe unajua kuliko mimi, haikauki hata baada ya mavuno, kwa sababu vijiji vingi vinaifungulia kiangazi chote ili watu wapate maji ya kunywa, kupikia na kunyweshea mifugo.

Hapo ndipo mto na kibofu cha mwanao vinapokutana. Maji ya Ruaha Mkuu yanatoka Kitulo na Kipengere, yanashuka Usangu, yanaingia ardhi oevu ya Ihefu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, kisha bwawa la umeme la Mtera, kisha la Kidatu. Ndani ya hifadhi mto ule haukuwa na mazoea ya kukatika, lakini tangu 1993 umekuwa ukikauka miezi ya kiangazi. Wakati wa mvua maji yapo ya kutosha kugombania. Kiangazi ndiyo kila ndoo ina hesabu, na kiangazi hichohicho mfereji mrefu wa udongo unaofunguliwa ili watu wapate madumu machache ya kunywa, unapoteza maji mengi njiani kwa kuzama na kukauka kabla hayajafika kijijini.

Kwa hiyo ukiniuliza dawa ya kichocho cha Igurusi, nitakwambia kisima kirefu chenye pampu. Kijiji kikipata kisima, hakuna sababu ya mfereji kubaki wazi kiangazi. Mlango unafungwa, mfereji unakauka, konokono wanapungua, watoto wananywa maji safi, na maji yaliyobaki yanaendelea na safari yake hadi Ihefu. Jambo hilo lipelekeni kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, mkiwa na chombo chenu cha watumia maji kilichosajiliwa, na mkiandika ombi msiandike kiu peke yake. Andikeni na kichocho, andikeni na mto. Nimeona maombi ya visima yakirudi kwa sababu yalikuwa mstari mmoja.

Kuhusu shamba lenyewe, kama hujajaribu kilimo shadidi, jaribu robo ekari. Miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25, na maji ya kuingiza na kuacha shamba likauke kidogo kabla ya kuingiza tena. Palizi inaongezeka, sikufichi, na wanawake ndio wanaoibeba. Lakini maji yanapungua, na viluilui wa mbu wanaohitaji wiki 1 hadi 2 za maji wanakaukia humo. Msipovuka mfereji pekupeku, mkivaa buti, nanyi mtajisaidia zaidi ya kidonge.

Mama, mimi ni mama lishe Mafinga. Napikia mabanzi, mabaki ya kupasua mbao, kwa sababu ni rahisi. Nakohoa mwaka wa pili sasa na macho yanawasha. Gesi siiwezi kila siku.

Pole mwanangu. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kinapimwa kifua kikuu kwanza, kabla ya kulaumu moshi. Nenda wiki hii. Kipimo na dawa zake ni bure.

Kisha nikuulize: mabanzi unayatoa wapi? Yale ya kiwanda cha mbao za kawaida ni kuni kama nyingine, ila zikaushe juani mpaka ziwe nyepesi, maana banzi bichi ndilo linalotoa moshi mzito. Lakini kama unachukua vipande vya nguzo za umeme, au mbao zenye rangi ya kijanikijani, acha leo hii. Nguzo zile hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa, na iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Ukiichoma, sumu inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu hayo najua mnasugulia masufuria. Hata kuku usimwache akogee humo.

Najua serikali imepanga ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na natamani ikufikie wewe mapema, kwa sababu aliyeinama juu ya jiko kwa saa 10 kila siku anavuta zaidi ya anayepika ugali wa jioni. Mpaka hapo: toa jiko nje ya kibanda au toboa ukuta wa juu pande mbili moshi upite. Jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi fundi wa Mafinga anakujengea kwa udongo wa hapohapo. Maharage yaloweke usiku. Yataiva kwa kuni kidogo zaidi. Gesi ikipatikana hata ya siku chache, itumie asubuhi kwa chai na maandazi, wakati mtoto wako yuko mgongoni.

Shikamoo Bibi. Sisi ni klabu ya mazingira ya shule moja ya sekondari Rungwe. Tarehe 5 Juni tulipanda miti 300 kwenye chanzo cha maji, ikakauka karibu yote. Tufanye nini mwakani?

Marahaba wanangu, ndaga fijo kwa barua. Msiipande tarehe 5 Juni. Siku ya Mazingira Duniani imewekwa bila kuangalia mvua zetu. Sehemu kubwa ya nyanda hizi mvua inakoma Aprili au Mei, na mche wa wiki 2 hauwezi kuvuka kiangazi na ule upepo. Nyie Rungwe mna manyunyu kuliko sisi wa Iringa, lakini mmeona wenyewe. Pandeni Desemba au Januari, ardhi ikiwa imelowa chini kabisa.

Juni fanyeni kazi ya Juni. Pandeni kijito kutoka shuleni hadi kinapoanzia, na daftari. Andikeni kila choo na umbali wake, kila shamba lililogusa maji, kila mahali pa kufulia na pa kusuuzia mabomba. Mwombeni mganga wa zahanati awaambie, bila majina ya wagonjwa, watoto wa kuhara wametoka vitongoji gani. Chora ramani moja yenye yote mawili. Mpelekeeni mtendaji wa kijiji akiwa na wajumbe wake, mmoja wenu asimame aeleze.

Halafu anzeni kitalu. Mbegu za mivengi hazihifadhiki. Zikikauka zimekufa, kwa hiyo mkizipata zioteni siku ileile. Zungushieni miche miba, maana ng'ombe huja kunywa palepale. Na chagueni 50 mtakayoweza kuitunza badala ya 300. Juni nyingine ikifika niandikieni imepona mingapi.